Barua za Kila Ijumaa

Siku ya sabini na moja ya eda yake, Mwanaheri alikubali mwanamume baki aingie nyumbani. Hakukubali kwa kupenda. Alikubali kwa ajili ya Talha, mwanawe wa pekee, na kwa sababu Jumamosi ilikuwa karibu.

Mwanamume mwenyewe aliitwa Ansbert, Mhaya anayekaa Kimara, fundi wa kompyuta, aliyewahi kufanya kazi ofisi moja na marehemu mume wa Mwanaheri, Maalim Twaha. Alifika Tandika saa tatu asubuhi ya Alhamisi, katota jasho, printa kaibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Somoe, wifi yake Mwanaheri, ndiye aliyempokea akamkalisha chumba cha mbele, penye meza ya marehemu. Mwanaheri alikuwa chumba cha ndani, yumo katika nguo zake nyeupe, kaketi mkekani, na baina yake na mgeni palikuwa na pazia la mlango tu.

"Shikamoo mama," Ansbert aliliamkia pazia.

"Marahaba," alijibu Mwanaheri, kwa sauti ya kumfikia Somoe peke yake.

"Kasema marahaba," Somoe akaipeleka.

Ndivyo alivyolelewa. Bibi zake waliokaa eda kabla yake walimfunza kwamba mjane hamsikilizishi mwanamume baki sauti yake mpaka itimie miezi minne na siku kumi, na yeye hakuwa mtu wa kulipunguza jambo la dini kwa sababu limemwelemea. Ansbert aliyasikia maneno yake yote, maana pazia si ukuta, lakini kila mara alingoja Somoe ayarudie ndipo ajibu. Alikuwa mtu wa adabu. Siku ile kila mtu alikuwa na adabu.

Kompyuta ile ilikuwa na kisa chake. Shirika la umma alilokuwa karani Maalim Twaha lilipofungwa, mwaka wa tisini na tatu, wafanyakazi waliambiwa wagawane vilivyomo. Watu waligombea mafriji, mafeni, viti vya kuzunguka. Maalim alichukua kompyuta, chombo ambacho hakuna aliyekitaka, akaja nacho juu ya mkokoteni. Mtaa ulicheka wiki nzima. "Maalim kaacha friji la bure, kabeba televisheni isiyoonyesha mpira!" Yeye akaiweka mezani, akaitandikia kitambaa cha kufuma, na Ijumaa ya kwanza aliporudi msikitini akakaa mbele yake, akaanza kumwandikia barua mwanawe.

Talha wakati huo alishatimiza miaka minne tangu kuondoka. Alizamia meli bandarini pamoja na wenzake wawili, umri wake miaka kumi na tisa, wala hakuaga. Hapakuwa na anwani ya kumwandikia. Mwanaheri alimwuliza mumewe siku moja, "Sasa barua isiyo na pa kwenda unaiandika ya nini?" Maalim akasema, "Pa kwenda pakipatikana, isije ikawa mie ndiye sina la kusema." Hakumwuliza tena. Kila Ijumaa, baada ya sala na wali, vidole viwili vya Maalim vilisikika vikidonoa kama kuku kwenye sinia, mpaka alasiri. Akimaliza huipa barua jina, na jina lilikuwa ni tarehe ya siku ile, mwaka na mwezi na siku, namba nane tupu, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. "Tarehe za Kizungu ni za ofisini," alikuwa akisema. "Hizi ndizo za nyumbani." Kisha huipiga kufuli kwa neno la siri, watoto wa majirani wanaokuja kuchezea mashine wasije wakaisoma.

Neno lenyewe Mwanaheri alilijua. Barua hakuwahi kusoma hata moja. Si kwamba hajui. Darasa la nne alilimaliza, na gazeti husoma mpaka matangazo ya vifo. Alijizuia tu. Alisema mwenye barua azisome kwanza, yeye atasoma baada yake.

Halafu Maalim akafa, Jumatano moja baada ya alfajiri, na eda ikiwa imeingia siku ya sitini akatokea Nassibu.

Nassibu ni mmoja wa wale wawili waliozamia meli na Talha. Alirudi kwa hitima ya mama yake, akaja kusimama barazani, viatu vikubwa vyeupe miguuni, akamwambia Somoe huku Mwanaheri anasikia kutoka ndani.

"Talha mzima, shangazi. Yuko Durban, anaosha magari kule bandarini. Anamwogopa mzee. Kila akilewa, ah, nisamehe, kila tukikaa ananiambia, mie nirudi nyumbani na nini? Mzee hata hatanipiga, atanitazama tu."

"Hajui kwamba kafa?"

"Atajuaje? Na mie nikimwambia kwa mdomo atasema nimetumwa kumdanganya arudi. Nipeni kitu nimshikishe."

Anwani hakuwa nayo; wenyewe leo wanalala hapa, kesho wanafukuzwa wanalala pale. Angeondoka Jumamosi asubuhi kwa njia ya barabara, nchi hadi nchi, na mkono wake ndio uliokuwa posta. Mwanaheri aliposikia hivyo akajua kitu chenyewe ni kipi. Barua za miaka minne, za mkono wa baba mtu. Mtoto akizisoma zile, kama ana moyo, atarudi.

Shida ilikuwa kuzitoa ndani ya mashine. Printa ya Maalim ilikufa zamani na utepe wake hauuzwi tena. Ndipo Ansbert akaitwa.

"Ishu ni hii, dada," alimweleza Somoe asubuhi ile, akili yake ikijua anamweleza nani. "Mashine ya mzee inaendeshwa na mfumo wa zamani, DOS, huu wa kioo cheusi. Barua zake zinafunguka humo tu. Na hii printa niliyoazima ofisini haimjui DOS hata kwa sura, yenyewe inasikilizana na Windows. Nikimtoa DOS, barua hazifunguki. Nikimwacha peke yake, hazichapiki. Kwa hiyo nawaweka wote wawili humu humu: nafungulia kwa wa zamani, nachapia kwa mpya."

"Wake wenza!" alisema Somoe.

"Wake wenza haswa, na kila mmoja na chumba chake. Hii diski naipiga ukuta katikati. Ukiwasha mashine inakuuliza kwanza: leo unaingia kwa bi mkubwa au kwa bi mdogo?"

"Na mwanamume asipojibu?"

"Inamngoja kidogo, halafu inampeleka kwa bi mkubwa kwa nguvu."

"Hiyo mashine ina dini kuliko kaka zangu," Somoe alisema, akacheka, halafu akakumbuka yuko nyumba ya eda, akajifunika mdomo kwa kanga. Hata nyuma ya pazia Mwanaheri alitabasamu, kisha akaleta istighfari.

"Mwulize," alinong'ona, "barua hazitapotea?"

"Anauliza barua hazitapotea?"

"Kabla sijagusa kitu nazinakili pembeni kwenye disketi," Ansbert alisema. Vidole vyake vilikuwa kumi, vilipita kama mvua. "Nimeshaziona. Kuna folda hapa mzee kaiita BARUA. Zimo humo. Nanakili zote."

"Kazisoma?" Mwanaheri aliuliza, na hapo Ansbert akasahau kumngoja Somoe.

"Hapana, mama. Sijafungua hata moja. Barua ya mzee kwa mwanawe si ya macho yangu."

Mwanaheri alimpenda kwa neno lile. Akasema alhamdulillahi, na neno la siri akaliweka tayari, la kumpa Somoe likiombwa.

Kilichobaki kuwahofisha ni mgao wa umeme. Mwaka ule maji ya mabwawa yalikuwa yamekauka na kila mtaa ulipewa saa zake za giza. Pale Tandika umeme ungekatwa saa nane mchana, na kesho yake, Ijumaa, usingekuwapo kutwa. Ansbert alikuwa akiitazama saa ya mkononi kila mara.

"Nikiwa katikati ya kujenga ukuta umeme ukakatika," alisema, "diski yote inakwenda na maji. Kwa hiyo nikianza sisimami."

Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa ndipo ikagundulika kwamba karatasi za kuchapia alizokuja nazo hazitoshi. Somoe akajitanda kanga akaenda sokoni. "Usikawie wifi," Mwanaheri alimwambia. "Naruka," alisema Somoe. Nyumba ikabaki na watu wawili na pazia.

Mwanaheri alitawadha uani, akarudi kwa mlango wa nyuma, akatandika msala. Tangu Nassibu atokee, sala zake zilikuwa zikiibiwa. Alijikuta rakaa ya tatu hajui ya pili aliipitaje, mawazo yako Durban, yako ndani ya mashine. Asubuhi ile alijiwekea nia kwamba adhuhuri ya leo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, hata paa la nyumba liezuke.

Alikuwa katika rukuu ya rakaa ya pili Ansbert alipoita kutoka mbele.

"Mama, samahani, dada hayupo. Nafasi imepungua kidogo tu, Windows inakataa kuingia. Sasa naona mafaili hapa, yapata mia mbili, hayana majina, ni namba tupu. Nimefungua mawili, vidudu vitupu. Umeme ukikatikakatika mashine inaachaga mabaki ya namna hii. Niyafute?"

Maneno yalimfika yote. Namba tupu. Aliziona hapo hapo katika macho yake yaliyofumbwa, moja nne moja nne ya mwaka ule wa mwanzo, mpaka moja nne moja nane ya mwaka huu. Vidudu vilikuwa ni ile kufuli. Na katika folda ya BARUA mlikuwa na nini, basi? Hakujua. Alisimama kutoka rukuu, na alipokuwa akienda kusujudu aliipandisha takbira kwa sauti ambayo hajawahi kuipandisha tangu mumewe azikwe.

"Allahu akbar!"

"Ah! Unaswali, mama. Samahani sana. Endelea, endelea."

Alisikia kiti kikilia, mtu akiegemea nyuma. Akajiambia, kanielewa, atangoja.

Kuivunja sala hakukumpitikia. Lililompitikia ni kwamba shetani amekuja kwa mlango uleule aliouzoea, na safari hii hamfungulii. Akasoma bila haraka. Katika sijida ya mwisho akaweka paji la uso chini akakaa hivyo muda mrefu, akimwombea Talha, arudi, arudi hata mikono mitupu, arudi hata kwa miguu.

Alipotoa salamu alijua la kufanya. Neno moja lilitosha: usifute. Lakini Somoe hakuwa amerudi, na neno lile lingebidi alitoe yeye kwa mdomo wake, limwendee mwanamume baki, wawili tu nyumbani. Siku sabini na moja hakuwa amefanya hivyo. Akafikiri: yule mtu muungwana, kasema endelea, na Somoe saa hizi yuko njiani. Akasimama akaswali sunna. Akamaliza. Akachukua tasbihi. Kutoka mbele ilikuja sauti ndogo ya mashine ikitafunatafuna, kama panya ndani ya kabati. Alidhani ndivyo inavyopumua ikiwa imekaa bure. Akazidisha uradi, sikio liko mlango wa nje.

Somoe aliingia saa saba na robo, karatasi kifuani, anahema. "Karani wa duka alikwenda kuswali! Nimekaa mlangoni kama—"

"Wifi!" Mwanaheri alimkata. "Mwambie zile za namba asifute. Ndizo."

"Ndizo nini?"

"Ndizo barua. Kaka yako alizipa majina kwa tarehe za Kiislamu."

Somoe hakuwa na haja ya kuyapeleka maneno. Kule mbele Ansbert akasema, "Mama yangu." Akarudia. "Mama yangu wee."

Hakujitetea. Alieleza tu, kama mtu anayetoa ushahidi. Alingoja dakika ishirini na tano kwa saa. Hajui sala ya adhuhuri ni ndefu kiasi gani, akaona si heshima kuita tena. Saa nane ilikuwa inakuja, kazi iliyobaki ni ya saa nzima, na ikishindikana leo barua hazisafiri. Akasema moyoni, haya ni mabaki, nayatoa ili niokoe barua. Akayafuta, akaisukuma kazi yote ya mzee upande mmoja wa diski ijipange, akajenga ukuta, na sasa Windows inaingia chumbani mwake.

"Zirudishe," alisema Mwanaheri.

Lile neno lilitoka kwa sauti yake mwenyewe, zima, na mwanamume baki akalisikia. Halafu pazia likafunguka akatoka. Somoe alisema, "Wifi, eda!" lakini hakumshika. Mwanaheri alikuja akasimama nyuma ya kiti cha fundi, mweupe juu hadi chini, akitazama kioo. Ansbert hakugeuka.

Waliingoja mashine ifike mahali pa kupumzika. Akaizima, akaiwasha. Ikauliza, kama alivyosema itauliza: mfumo wa zamani au mpya. Ilikuwa imekubali, kazi ile alikuwa ameifanya vizuri. Akachagua wa zamani. Akaandika amri moja, na majina yakaanza kushuka kiooni, Ijumaa baada ya Ijumaa, ila kila moja lilikuwa limeng'olewa namba yake ya kwanza na mahali pake pamewekwa alama ya kuuliza.

"Ikifuta inakula herufi ya mwanzo," Ansbert alisema taratibu. "Hiyo si tatizo, naweza kuirudisha. Tatizo ni kilichokuwa ndani."

Alijaribu ya kwanza. Mashine ikasema nafasi yake imeshakaliwa na kitu kingine. Akajaribu ya pili, ya tano, ya ishirini.

"Jaribu ya mwisho," alisema Mwanaheri. "Mfungo Sita, tarehe tano. Jumatano yake ndiyo aliyokufa."

"Tarehe tano... inaandikwaje, mama?"

"Sifuri tatu, sifuri tano. Mfungo Sita ndio mwezi wa tatu wa mwaka wetu."

Akaitafuta akaipata. Akaiwekea moja yake ya mwanzo. Mashine ikafikiri muda mrefu kuliko zote, hata Somoe akaanza kusoma kitu kwa midomo. Kisha ikajibu kama ilivyozijibu nyingine.

Hakuna aliyelia. Ansbert alisema, "Zile za BARUA zipo. Nilizinakili." Wote watatu walilishika neno lile, wakijua na wasitake kujua. Akamaliza kumwingiza bi mdogo, akaifunga printa, akaweka karatasi alizozifuata Somoe. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Printa ikalia, ikatoa karatasi ya kwanza, safi, maandishi meusi ya kung'aa. Mwanaheri aliipokea yeye.

*Kwa Katibu wa Kata. Yah: Mfereji wa maji machafu unaopita mbele ya nyumba yangu. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.*

Ya pili ilikuwa kwa wale waliokabidhiwa kulifunga shirika, kuhusu mafao. Ya tatu kwa Katibu wa Kata tena, mfereji ule ule. Ya nne ya mbao za kuandikia za chuo cha watoto wa msikitini. Aliendelea kuzipokea moja moja, kuzisoma mpaka jina la chini, kuziweka mezani. Saa nane umeme ukaenda, na karatasi ya kumi na moja ikabaki nusu ndani, nusu nje.

Ansbert alifungasha vitu vyake. Mlangoni aligeuka, macho chini. "Mzee ndiye aliyenifundisha kupiga taipu," alisema. "Nilikuja kazini sijui hata nafasi inabonyezwa wapi. Nisamehe, mama."

Mwanaheri alikuwa amesharudi nyuma ya pazia. "Nimekusamehe," alisema, na hakumngoja Somoe.

Ijumaa alimtuma Somoe kwa sheikh wa mtaa akamwulizie masuala mawili. Somoe alirudi baada ya alasiri, akaketi ukingoni mwa mkeka, hataki kuanza.

"Sema."

"Kasema, kuvunja sala ya faradhi ili kuokoa mali inayopotea, inafaa. Kasema hata chungu kikiwa kinafurika jikoni, unavunja, unakitoa, unarudi kuanza upya."

"Hata chungu?"

"Hata chungu."

"Na sauti?"

Somoe alichezea pindo la kanga. "Kasema sauti kwa haja haina ubaya, edani au si edani. Hayo ya kunong'ona kasema ni mila tu za bibi zetu, si lazima."

Mwanaheri alikuwa ameswali miaka zaidi ya arobaini, na hilo la chungu hakuna aliyewahi kumwambia. Lilikuwapo suala la tatu, la sunna na tasbihi na robo saa ya baada ya salamu, barua zingali zimo, aliyoikaa akimngoja mtu wa kumsemea. Hilo hakumtuma mtu kuliuliza. Jawabu lake alikuwa nalo.

Usiku ule hakugusa kitu, lakini asubuhi na mapema Jumamosi alichukua daftari na kalamu ili aandike mwenyewe. *Mwanangu Talha, baba yako amefariki dunia.* Akaandika siku, akaandika maradhi, akaandika mahali alipozikwa. Mistari ikawa mitatu, na kalamu ikasimama. Habari za nyumbani alikuwa nazo tele, ila zilizotakiwa hazikuwa zake. Yalitakiwa aliyoyasema Maalim kwa miaka minne kila Ijumaa, na hayo hakuwa nayo hata moja. Amwambie mtoto nini, kwamba baba yako alikuandikia barua mia mbili, hakuna ajuaye zilisema nini?

Akazirudia zile karatasi kumi. Akazisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama darasani. Katika ile ya mafao, chini kabisa, palikuwa na sehemu ya wategemezi. *Nina mke mmoja,* Maalim alikuwa ameandika, *na mtoto mmoja wa kiume, ambaye kwa sasa yuko safarini.* Basi. Mahali pengine pote hakutajwa. Mwanaheri aliusoma mstari ule mpaka akawa hauoni.

Akaikunja karatasi ile pamoja na mistari yake mitatu, akaitia katika bahasha.

"Wifi, hebu fikiri," Somoe alisema. "Mtoto kule Durban umpelekee barua ya kudai mafao?"

"Ndiyo iliyomtaja."

Nassibu alikuja saa mbili, begi begani, viatu vile vyeupe vimeshapata tope. Alibisha hodi mara moja. Somoe akampa bahasha barazani. Akaipima mkononi, akaigeuza.

"Hii tu? Si mlisema furushi?"

"Ndiyo hiyo tu," alisema Somoe.

"Haina jina juu."

"Si unamjua?"

"Namjua." Akaikunja, akaisukuma mfuko wa nyuma wa suruali. "Haya. Nikimwona nitampa."

"Vipi nikimwona? Wewe si ulisema mnakaa pamoja?"

"Tunakaa, shangazi. Lakini kule si kama huku. Mtu unaweza ukamwacha leo ukarudi humkuti, kashikwa, kahama, kapanda meli nyingine." Akatazama barabarani. "Nikimwona."

Aligeuka kuondoka, na hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, si ya kunong'ona.

"Nassibu."

"Naam, mama."

"Mwambie baba yake hakuwa na kinyongo naye. Mwambie alikwisha kumsamehe."

"Nitamwambia, mama."

Viatu vyake vikasikika vikivuka mfereji, vikapotea. Mwanaheri alibaki ameshika pindo la pazia. Alimtuma yule kijana na maneno ambayo hakuyajua kama ni kweli. Maalim hakuwahi kumwambia kwamba amesamehe, wala kwamba hajasamehe. Kama lilikuwapo, lilikuwamo ndani ya zile barua.

Somoe aliingia, akafunga mlango wa mbele. "Kaondoka," alisema.